Kiuno cha Bibi Harusi

Mimba hii imemkataa mume wangu, ikakataa chai, na sasa inakataa wateja. Tangu asubuhi nashona huku nanyonya limau, nikitoka nje kila cherehani inaponoga.

Akaingia bibi harusi na mama yake. Marashi ya mama yalitangulia salamu. Nilipozungusha futikamba kiunoni mwa binti, kichefuchefu kikanipanda, nikakimbilia mtaroni.

Nilipoinua kichwa, bibi harusi alikuwa ameinama kando yangu, anatapika.

"Ni marashi ya mama," akasema, akijifuta mdomo.

"Hata mimi nilianza kwa kusingizia marashi," nikamjibu, nikampa nusu ya limau langu.

Akaangalia chini. "Mama asijue, dada. Ataniua."

Tuliporudi ndani, mama mtu akaamuru kwa sauti, "Fundi, hapo kiunoni bana kabisa. Mwanangu ana kiuno cha nyigu."

Binti akageuka ghafla, akatoka tena mbio. Mama akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, kisha akanisogelea sikioni.

"Acha kitambaa cha vidole vinne ndani ya mshono, cha kufumulia," akanong'ona. "Na usimwambie kwamba najua."