Uso wa Kijani

Padri Mjerumani alipokuwa anarudi kwao, alimzawadia Katarina, mpishi wake, saa ya mkono. Jirani yake Agnella akaangua kicheko.

"Miaka ishirini unampikia, halafu anakuachia mtumba! Uso wenyewe wa kijani, kama saa za babu zetu."

Katarina hakutaka Padri asemwe vibaya. Akamshika Agnella mkono, wakaenda mpaka kwa fundi saa Beno, pale Kibaoni, saa ifunguliwe mbele yake.

"Mpya kabisa, mama," alisema Beno. "Wameitengeneza kwa mtindo wa zamani. Ni ya bei mbaya hii."

"Najua," alisema Katarina. "Nilimsimulia Padri saa ya marehemu mume wangu, iliyozama mtoni. Ilikuwa kijani hivihivi, kama mpunga wa Machi. Akatafuta inayofanana nayo."

Agnella mwenyewe akamfunga Katarina mkanda wa saa.