Mazishi ya Uzi wa Kidole Gumba

Duka lilikuwa moja, ila ukuta wa mbao nyembamba ulilikata katikati. Mbele kulikuwa na mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kutoa kila karatasi, na nyuma ya mbao dada mtu alichonga mihuri ya mpira na vibao vya majina ya milangoni. Mashine ilikuwa chini ya mdogo wake, kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko mikono. Nyumbani aliitwa jina lake. Kijiweni aliitwa Wembe.

Kijiwe chenyewe hakikuwa na hata jiwe moja la kukalia. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni, la watu waliopenda habari za teknolojia kuliko walivyopenda kazi zao. Hakuna aliyetumia jina lake halisi, na hakuna aliyekubali kushindwa. Ikaletwa habari, kwa mfano, kwamba kampuni fulani imepewa hataza ya kutikisa simu ili kengele inyamaze. Mgeni mmoja akauliza hataza ni mdudu gani.

"Ni karatasi ya serikali," akajibu Profesa Bando, mjuzi wa kila kitu mpaka bando lake liishe. "Inasema wazo hili ni langu, ukilitumia bila ruhusa tutaonana mahakamani."

"Basi mimi nasajili kupiga miayo kazini," akasema Mzee wa Chaji. "Nchi nzima mtakuja kuniomba ruhusa."

"Umechelewa," akaandika Wembe. "Bosi wangu ana hataza ya kutosikia. Ukimwomba nyongeza, masikio yake yanalindwa na sheria."

Mwingine akapandisha hasira, akataka watu waandamane hadi ofisi ya usajili kuzipinga hataza za kijinga. Wakamuuliza saa ngapi. Akasema jua likipungua. Na kama kuna mawingu? Basi mvua ikipita. Wembe ndiye aliyefunga mjadala: "Tuandamane kila mtu kwake, jioni tukutane hapa kupongezana." Vicheko vikamiminika mpaka simu ikapata joto mkononi.

Walikuwa na desturi yao moja. Mtu akileta uzi, yaani mada yake, uliojaa bidii, wa kuomba maoni kwa adabu, waliuzika. Mmoja alitangaza msiba, wengine wakaja na rambirambi, wakamsifu marehemu kwa mambo ambayo hakuwahi kuyafanya, mpaka mwenye uzi aone haya na kufuta alichoandika pamoja na picha zake. Rambirambi zilibaki. Hizo waliziita kaburi, na watu walirudi kuzuru makaburi mazuri. Mazuri zaidi yalichimbwa na Wembe.

Asubuhi moja akaingia mtu mpya, Kidole Gumba, akaweka picha na kuandika: "Nimetengeneza kibao cha plastiki cha kuvalisha simu ya kioo, ili mtu asiyeona aweze kupapasa matundu na kuzijua namba. Naombeni maoni."

Kidole Gumba alikuwa dada yake. Alikuwa amekaa upande wa pili wa mbao, vumbi la plastiki likiwa bado kwenye nyusi. Mama yao macho yalikuwa yamefifia taratibu mpaka yakazima, na simu za siku hizi ni kioo kitupu, laini kama paji la uso la tajiri. Kidole cha asiyeona kinateleza tu. Dada alichukua mabaki ya vibao vya milangoni, akatoboa, akapiga msasa, akajaribu akiwa amefumba macho. Jina la Wembe alilijua siku nyingi, kwa kuwa kila mara kicheko kilipopasuka upande wa mbele, utani wa Wembe ulitokea kwenye simu yake. Alijificha kwa jina jingine ili watu wakitazame kitu, wasimtazame aliyekitengeneza. Na katika watu wote wa Kijiweni, aliyemtaka akitazame alikuwa mmoja.

Wembe hakuitazama picha. Mcheshi hodari hatazami picha, hudaka maneno mawili matatu akaanza kunoa. Mteja alikuwa anasubiri nakala za cheti chake cha ndoa.

"Wafiwa, tukae," akaandika. "Marehemu alikuwa kichujio cha chai. Aliota kuwa simu, hakuamka."

"Ameacha panya wawili na mlango wao mmoja," akaongeza Mzee wa Chaji.

"Familia haitaki maua," akasema Profesa Bando. "Inataka majani ya chai."

Katikati ya matanga hayo, mtu asiye na picha wala jina la maana akauliza kwa upole: "Unene wa plastiki ni kiasi gani? Na matundu umeyapangaje?" Kidole Gumba akamjibu kwa kirefu, kipimo kwa kipimo, kama mtu aliyepewa kiti penye watu wengi waliosimama. Yule hakusema asante. Wembe akarudi na utani wa pili, wa tatu, na kabla mashine haijapoa, uzi ukafutwa na mwenyewe.

"Dada wee!" Wembe akaita, machozi ya kicheko yakimtoka. "Leo tumezika mtu huku, hata kumwosha hatukumwosha!"

"Apumzike," sauti ikajibu nyuma ya mbao.

Kisu cha kuchongea kikaendelea kukwaruza mpira.

Kile kibao akakitia kabatini. Kilikaa humo msimu mzima, mpaka siku mama alipokosea namba akamsimulia mtu baki ugonjwa wake wote wa tumbo, akidhani anaongea na daktari. Hapo ndipo dada alipokitoa, akakivalisha simu ya mama. Mama alikipapasa, akampigia mwanawe wa kiume dukani.

"Nani amekubonyezea, mama?"

"Kidole changu mwenyewe, baba. Usinichokoze."

Wembe alipokiona jioni, alimpiga dada yake bega. "Dada, una akili mpaka unatisha! Kwa nini hukusema?" Dada akaenda kuinjika chai.

Habari zikatembea kwenye chama cha wasioona. Watu wakaanza kuja na fimbo zao nyeupe, wakigonga kizingiti, wakiuliza yuko wapi binti wa matundu. Ikawa heri, kwa sababu mihuri ilikuwa inakufa. Ofisi nazo siku hizi zinatia sahihi kwenye kompyuta. Kazi ya dada ikawa inategemea vile vibao.

Kisha akaja mwanamume mwenye tai, akachukua kibao kimoja, akauliza nani anatengeneza. Alirudi na hati. Kampuni yake ilikuwa na hataza ya kibao hichohicho, kipimo kwa kipimo. Ombi lake lilipelekwa serikalini wakati kile cha dada kimelala kabatini. Dada aache kutengeneza na akabidhi vyote alivyo navyo.

Wembe alicheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Tunawamaliza hawa! Muda wa pingamizi bado upo. Ukionyesha tu kwamba ulikitoa hadharani kabla yao, hataza yao inakufa. Hadharani popote, dada, hata kwenye ukuta wa choo. Uliwahi kukionyesha wapi?"

Dada aliendelea kupuliza vumbi kwenye muhuri.

"Dada, nakuuliza. Popote!"

"Kijiweni."

"Kijiwe gani?"

"Chenu." Aliweka muhuri chini. "Kidole Gumba ni mimi, mdogo wangu."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inasubiri karatasi, taa yake ikiwakawaka.  Wembe akauliza kwa nini hakumwambia siku ileile.

"Nikwambie nini? Ulikuwa unacheka vizuri sana."

Wembe alimwandikia msimamizi wa jukwaa. Msimamizi akajibu kwamba kilichofutwa na mwenyewe hakirudi, wala maneno wala picha, kisha akamsifu kwa lile kaburi la kichujio. Picha zilizobaki kwenye simu ya dada hazikuthibitisha kwamba mtu mwingine aliwahi kuziona, kwa hiyo kwa sheria zilikuwa kama ndoto. Likabaki kaburi peke yake: rambirambi za watu, na lile swali la mtu asiye na jina, unene wa plastiki ni kiasi gani, likining'inia pale bila jibu.

Basi Wembe akaandika Kijiweni kwa adabu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alieleza yote. Aliomba kila aliyeiona ile picha aje mbele ya ofisi ya usajili asubuhi ya pingamizi, aseme alichokiona, na wengine waje na mabango ili wakubwa wajue kuna watu.

Kisha Profesa Bando: "Wafiwa, tukae."

"Sitanii," akaandika Wembe.

"Maneno ya mwisho ya marehemu yalikuwa: sitanii," akasema Mzee wa Chaji.

"Jamani, ni dada yangu."

"Wembe umevuka mipaka, mbavu zangu! Tutakuja wote. Kila mtu kwake, jioni tunapongezana!"

Vicheko vilimiminika kuliko siku yoyote. Walikuwa wameuzika uzi wake kwa jembe lake mwenyewe, na wote waliahidi kuja.

Asubuhi ile mbele ya ofisi alisimama dada, akasimama mama ameshika bega la dada, na wenzake wa chama na fimbo zao. Bango walilitengeneza wenyewe, na wenyewe hawakuweza kujua kwamba wamelishika juu chini. Wembe aliligeuza bila kusema. Mlinzi aliwaomba wasizibe njia ya magari. Wakasogea. Akawaomba tena. Wakasogea tena.

Kutoka Kijiweni alikuja mtu mmoja, mnene, mwenye mkoba wa kompyuta.

"Wewe ndiye Wembe? Mimi Profesa Bando!" Alimkumbatia. "Kumbe umeleta na watu! Yaani umejipanga." Akajipiga picha naye, fimbo nyeupe zikionekana nyuma. "Sasa utani wenyewe unaanza saa ngapi?"

"Profesa, ingia ndani useme uliiona ile picha."

Profesa akapoteza tabasamu. Aliwatazama wale wasioona, akamtazama mama. "Kaka," akasema polepole, "nisikudanganye. Mimi picha sikuifungua. Nilisoma ulichoandika wewe, nikacheka." Akaondoka akitazama chini.

Ndani, msajili alikuwa mama mtu mzima mwenye subira. Alipokea kurasa ambazo Wembe alizichapa dukani, akavaa miwani, akasoma. Midomo yake ilianza kucheza. Alijizuia, akashindwa, akacheka kidogo akiwa ameziba mdomo.

"Samahani, binti yangu," akamwambia dada. Kisha akasoma tena bila kucheka. "Humu naona kichujio cha chai. Naona mlango wa panya. Naona mtu anauliza plastiki na matundu, ya kitu gani hasemi. Naona majani ya chai kwa ajili ya familia. Tarehe ni nzuri kabisa, imewatangulia wenzenu. Lakini nionyeshe mstari mmoja tu unaosema hiki ni kitu cha mtu asiyeona. Mmoja unanitosha."

Dada hakuwa nao. Wembe alizipekua kurasa, ingawa alizijua kwa moyo. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko ya mtu yeyote, na hakuna hata moja lililosema kitu kile ni nini.

"Huyu Wembe," akauliza msajili, "hawezi kupatikana atoe ushahidi? Anaonekana alikuwa karibu."

Dada alimtazama mdogo wake.

"Nimepatikana," Wembe akasema. "Picha sikuitazama, na maneno sikuyamaliza."

Pingamizi likakataliwa kwa upole mwingi.

Vibao vilikusanywa kesho yake. Mwenye tai alikuwa muungwana, akasema cha mama hakukiona. Lakini mama alikivua mwenyewe, akakiweka juu ya meza. Hakutaka kubaki na kitu ambacho wenzake wamenyang'anywa. Vya kampuni vilikuwa vinauzwa, na bei yake hakuna kati yao aliyeiweza.

Mchana duka lilikuwa kimya. Wembe alikaa kwenye mashine, simu mkononi. Kijiweni picha ya Profesa ilikuwa imepokelewa kwa shangwe. Walikuwa wanamwita Wembe kiongozi wa mapinduzi, wanamwomba hotuba. Aliwaza kujitoa jukwaani. Aliwaza kuwaambia tena kwamba hatanii. Na wakati anawaza, kama kikohozi kinavyokuja bila kuitwa, utani ukamjia: kuhusu bango la juu chini na mlinzi mwenye macho mawili. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

Alifuta mara ya kwanza. Akaandika tena. Kidole kikatangulia, kikatuma.

Nyuma ya mbao, simu ya dada ikalia mlio mfupi. Kisu kikaacha kukwaruza.

Wembe alisubiri aseme neno. Vicheko vilianza kuingia, kimoja kimoja, kisha kwa mafungu, simu ikaanza kupata joto.