Simba kwa Lugha Mbili

Papa Yusufu, fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo mjini Kisangani, alikuwa mtu mpole kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Mteja akimfokea kwa sababu ya kola iliyopinda, yeye alisema tu, "Pardon, mama," akaifumua na kuanza upya. Lakini Jumapili alasiri, binti yake Zaina alipokuwa uwanjani na wasichana wenzake wa timu ya Hirondelles, upole ule sijui alikuwa anauficha wapi. Alikimbia kando ya mstari sambamba na mpira. Zaina akipiga teke, na yeye alipiga teke. Siku moja teke hilo lilimpata mwendesha toleka aliyesimama kutazama, ikabidi Papa Yusufu ainue baiskeli ya watu na kumwomba radhi dereva pamoja na abiria wake.

Usidhani alikuwa peke yake. Papa Eddy, mwalimu wa hesabu, alikuja uwanjani na chaki na kibao cha kumwonyesha kocha namna ya kupanga mabeki. Mama Florentine alisoma darasa moja na mama yake mwamuzi, basi kila filimbi isiyomfurahisha aliahidi kwenda kumshtaki mwamuzi huyo kwa mzazi wake. Kocha wao, dada mmoja mtulivu aitwaye Françoise, alikuwa akisema kwamba watoto wake hawamsumbui hata kidogo, ila wazazi ndio wanaohitaji mazoezi.

Hata hivyo kelele za Papa Yusufu zilikuwa na asili yake, na ni haki tuiseme. Zaina alipoanza mpira, vijana wa mtaa walijipanga pembeni wakacheka. Mtoto wa Kiislamu, tena wa kike, anakimbiza mpira kama nani? Zaina aliyasikia maneno yale na miguu ikawa mizito. Baba yake aliona. Hakuwa mtu wa ngumi, mikono yake ilikuwa ya sindano, basi akafanya lile aliloliweza: alipaza sauti mpaka wale vijana wasisikike.

"Simba!" alinguruma. "Simba yangu! Kwenda, Simba, kwenda!"

Na Zaina akaenda. Jina likabaki tangu siku ile. Papa Yusufu alimdarizia kichwa cha simba mgongoni mwa fulana, ingawa kila aliyekiona alidhani ni jua lenye masharubu. Wazee wa mtaa hawakulipenda jina hilo. "Ile jina hapana, Yusufu," mmoja alimwonya, akiwakumbuka waasi wa mwaka 1964 walioitwa Simba. "Siye tuliona ba Simba wakiingia hapa na mikuki." Papa Yusufu alimjibu kwamba huyu wake ni simba wa mpira, haumi mtu.

Mambo yakaenda hivyo hadi alipokuja Aurélie. Mama yake, Mama Pélagie, muuza samaki, alikuwa amehamia mjini kutoka Isangi, mji wa mtoni, akaja na bidhaa zake na binti mrefu mwenye miguu ya kuruka juu. Kocha Françoise alimweka beki siku ileile. Kiswahili cha Aurélie kilikuwa cha salamu tu. Kwao waliongea Kilingala. Na alikuwa na adabu ya kwao: mtu mzima akisema keti, ameketi, akisema njoo, ameshafika.

Jumapili ya nusu fainali, mechi ya kwanza, walicheza na wasichana wa Lubunga, wale wa ng'ambo ya mto. Zilibaki dakika chache, hakuna aliyefunga, na Lubunga wakapata kona. Zaina alirudi nyuma kusaidia ulinzi. Mpira ukapigwa, ukapanda, ukaanza kushuka katikati ya wasichana, karibu kabisa na Zaina. Papa Yusufu alitaka binti yake aruke.

"Simba!" alipiga kelele kwa pumzi yake yote. "Simba! Simba!"

Sasa, mtu wa Kisangani asiyejua lugha zote mbili ni nani? Kwa Kiswahili simba ni mnyama. Kwa Kilingala simba ni shika. Papa Yusufu alilijua hilo vizuri, maana hata wateja wake aliwabembeleza kwa Kilingala. Lakini kichwa cha mzazi uwanjani hakina nafasi ya lugha mbili. Chini ya mpira ule alisimama Aurélie, mgeni, mtoto wa kusikia wakubwa, na mtu mzima alikuwa anamwamuru mara tatu mfululizo ashike. Aurélie aliinua mikono yake yote miwili, akaudaka mpira vizuri, akaukumbatia kifuani. Kisha akamgeukia Papa Yusufu, kama anayeuliza auweke wapi.

Filimbi ikalia. Penalti. Lubunga wakafunga, na mechi ikaisha.

Laiti Papa Yusufu angecheka pale pale, watu wote wangecheka naye, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa ameshaingia uwanjani, kidole mbele.

"Weye mutoto! Nani amekuambia ukamate balo na mikono?"

Aurélie alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Yo nde olobi simba, papa," alisema taratibu. Ni wewe uliyesema shika, baba.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Waendesha toleka walicheka mpaka wakashikilia baiskeli zao. Mama Pélagie akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimemlegea. "Tika mwana na ngai! Mwache mutoto wangu! Weye mwenyewe umesema simba, simba, simba, batu bote basikie! Mutoto iko na adabu, njo maana amekamata!"

Hasira hasara, na hasira ya mtu aliyechekwa ni mbaya zaidi. Papa Yusufu akasema neno ambalo angelipa chochote kulirudisha. Alisema hapa Kabondo watu wanaongea Kiswahili, na wale walioshuka jana kwenye mtumbwi wajifunze kwanza lugha ya watu ndipo waguse mpira wa watu. Aurélie aliinamisha uso. Zaina alikuwa amesimama nyuma yao, na alisikia kila kitu.

Njia nzima Zaina alitembea mbele ya baba yake. Nyumbani alikaa mbele ya lituma na samaki, akamega tonge la ndizi hizo za kupondwa, akalirudisha sahanini.

"Papa," alisema mwishowe, "dimanche usikuye."

Papa Yusufu alidhani amesikia vibaya: Jumapili asije? "Wapi?"

"Ku terrain. Usikuye." Alionyesha kwa kidole upande wa uwanja.

"Juu ya ile mambo ya simba? Lakini miye napiga kelele juu yako, Zaina. Ili uwe na nguvu."

"Najua, papa. Zamani ilinisaidia." Alisogeza sahani kando. "Sasa nikisikia sauti yako, nasikiliza weye, siangalie balo tena. Na Aurélie analia. Anasema hatarudi. Umemuambia yeye ni mutu wa mutumbwi. Iko rafiki yangu, papa."

Papa Yusufu alisema tu, "Bon," akainuka kwenda kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula. Iliuma. Tuseme wazi: ilimuuma kuliko sindano yoyote iliyowahi kumchoma, kwa sababu alijua mtoto ana haki.

Siku ya pili alifunga duka mapema akaenda sokoni. Mama Pélagie alimwona kwa mbali akashika kiuno, tayari kwa vita. Lakini Papa Yusufu hakumwendea yeye. Alimwendea Aurélie, aliyekuwa akipanga samaki wa kukaushwa, akachuchumaa mbele yake jinsi mtu mzima asivyochuchumaa mbele ya mtoto.

"Limbisa ngai, mwana," alisema. Nisamehe, mwanangu. "Ile mukamato yako ilikuwa mizuri. Hata gardien wetu wa goli hakamatake vile."

Aurélie alijizuia, akashindwa, akacheka. Mama Pélagie alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Alors dimanche atacheza," alisema. "Na weye utakaa karibu yangu, nikuchunge ile kinywa."

"Miye siendi, mama. Zaina amenikataza."

Mama Pélagie alimfungia samaki wawili kwenye jani, akampa kwa mikono miwili, kama anayempa mtu aliyefiwa.

Jumapili ya mechi ya pili ikafika. Duka la Papa Yusufu lilikuwa nyuma tu ya uwanja, nyumba chache katikati. Angeweza kupanda juu ya kiti akachungulia. Hakupanda. Alikuwa ametoa neno, na neno kwa mtoto ni deni kubwa kuliko neno kwa mtu mzima, maana mtoto hasahau. Akakaa kwenye cherehani, akavuta shati la mteja, akaanza kushona.

Masikio hayashoneki, lakini. Kelele zilipanda na yeye akapanda nazo, nusu amesimama. Zilishuka na yeye akaketi. Nani amepata? Nani amekosa? Sauti ya Mama Florentine aliitambua, akimtaja mama wa mwamuzi. Sauti ya Papa Eddy aliitambua. Ya Zaina hakuisikia, bila shaka, kwani mchezaji hapigi kelele. Aliinama tena. Alipoangalia kazi yake aliona ameshona mkono wa shati kwenye tundu la shingo.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Akaanza kufumua. Ndipo mlango ukaingia giza, akainua uso, akamwona Zaina amesimama na viatu vya mpira, jasho linamtoka, anahema.

Papa Yusufu aliinuka kitini. "Umeumia?"

"Apana."

"Banatufunga?"

"Apana. Bado zéro-zéro." Zaina alitazama shati, akatazama mkono uliotoka shingoni, akauma mdomo asicheke. "Papa, kuya."

"Uliniambia nisikuye."

"Najua."

"Nimekaa hapa. Hata kiti sikupanda."

"Najua, papa. Niliangalia." Alifuta jasho kwa bega. "Balo ikitoka inje, kila mutu anaangalia fasi ya mutu wake. Aurélie anaangalia mama yake. Bote banaangalia. Miye niliangalia fasi yako, nikaona mutu mwengine amesimama pale anakula karanga."

Papa Yusufu aliinama chini ya meza kana kwamba anatafuta kifungo. Uwanjani kocha Françoise alikuwa anaita wachezaji.

"Na nikipiga kelele?" aliuliza kutoka chini ya meza. "Zaina, najijua. Nitapiga."

"Piga. Lakini kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Zaina alifikiri, mkono kwenye fremu ya mlango, mguu mmoja tayari nje.

"Kama vile unaniitaka nyumbani kukula," alisema, akakimbia.

Papa Yusufu alitoka chini ya meza. Hakufunga duka, hakufunika cherehani. Alimfuata binti yake kwa viatu vya ndani, akipita kati ya nyumba za majirani, na njia nzima midomo yake ilikuwa inajaribu ile sauti.