Wanaume Watoke

Daktari Kenga si mgeni. Mgeni ningemsamehe, mgeni ni kipofu ingawa ana macho, unamshika mkono ukamwonyesha njia. Lakini Kenga kazaliwa Kaloleni, kasoma sekondari hapa hapa kisiwani Mombasa, na kaseti za Arabuni kazisikiliza kwenye nyumba za watu tangu hajaota ndevu. Anajua fika zinavyosikilizwa. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa, wala siipepei ipoe.

Kwa asiyejua, nieleze. Wasichana wetu wanaokwenda Jidda kufanya kazi za nyumbani hawaandiki barua. Hurekodi kaseti, wakampa mtu anayerudi Mombasa. Ikifika, nyumba nzima hukaa mkekani na redio katikati. Kwanza huwa ni salamu tu: za bibi, za shangazi, za jirani, hata za yule jirani waliyekosana naye. Kisha msemaji hunyamaza kidogo, akasema, "Sasa wanaume watoke." Nao hutoka. Hakuna anayeuliza kwa nini. Baba mtu huvaa makubadhi yake akaenda kukaa barazani mpaka aitwe. Yanayofuata ni ya wanawake, na mara nyingi si mazuri.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, uhamiaji na mabadiliko ya jamii, na Kenga ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Bi Mbodze, jirani yetu Mji wa Kale, anayeuza mbaazi na mahamri Makadara, alinipa kaseti ya bintiye Mwanamkasi, ambaye bado alikuwa huko Jidda kwa mwajiri yule yule aliyekuwa naye alipoirekodi.

"Munazza mwanangu," aliniambia, "sikiza, uandike utakacho, jina usitie. Lakini sauti yake asiisikie mwanamume. Waniahidi?"

Nikamwahidi. Nikaisikiliza peke yangu, nikalia, nikaifungia katika dawati langu kwenye ofisi ya mradi wetu wa utafiti. Sikujua kwamba Kenga ana ufunguo wa pili.

Siku ya kongamano la mradi tulikutana Kizingo, katika jumba kubwa lenye bustani. Walikuwapo wafadhili kutoka Ulaya, walimu wa chuo, na wazee watatu walioalikwa, eti kuiwakilisha jamii: Mzee Kasam, muuza vitambaa, Umair, wa duka la saa, na Ngumbao, karani wa maghala ya Shimanzi na mzee wa kanisa lake. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa. Kenga alisimama, akazungumza vizuri kama kawaida yake, halafu akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa kaseti. Niliutambua mwandiko wangu juu yake. Nilijiambia haiwezekani, hata yeye hawezi. Akaweza.

Akaitia kwenye mashine, na sauti ya Mwanamkasi ikajaa ukumbini. Akamsalimu mamake, akamsalimu mwalimu wake wa madrasa, akauliza kama mguu wa bibi umepona. Kenga alikuwa akifasiri na wafadhili wakitabasamu. Mimi nilikuwa nimeshainuka, nikijipenyeza kati ya viti na miguu ya watu, nikiomba njia. Ndipo Mwanamkasi akanyamaza kidogo, kisha akasema.

"Sasa wanaume watoke."

Mzee Kasam aliinuka papo hapo, akaiweka sawa kofia yake. Umair akamfuata. Ngumbao naye, Mkristo wa watu, akaacha kikombe chake cha chai hakijafika nusu.

"Ah, wazee wangu, ketini!" Kenga akacheka. "Huu ni utafiti tu."

"Mtoto ashasema tutoke," alijibu Mzee Kasam, bila kugeuka.

Unajua Kenga alifanya nini? Aliisimamisha kaseti, akawafasiria wafadhili maneno yale, akawaeleza na mila yenyewe kwa ufasaha ambao mimi nisingeuweza. Nao wakayaandika. Wanaume wazima, wamesoma, wameambiwa watoke kwa lugha yao wenyewe, wakaandika kwamba wameambiwa watoke, wakabaki vitini! Kisha akabonyeza, ikaendelea.

Sentensi moja ilisikika kabla sijaifikia mashine. Sitawaambia ilisema nini. Na kati yenu mnaosoma wamo wanaume.

Niliizima mashine nikaichomoa kaseti.

"Munazza, keti," Kenga alisema, sasa hacheki. "Hiyo ni mali ya mradi."

"Huyo ni mtoto wa watu, Daktari."

"Bila kaseti hiyo huna sura ya nne. Bila sura ya nne huna shahada."

"Basi sina," nikamwambia, na mengine niliyomwambia yalimfanya mwalimu mmoja aniombe nikumbuke nilivyolelewa. Nilikumbuka vizuri sana. Ndiyo sababu nilikuwa napiga kelele.

Kutoka Kizingo mpaka kwetu nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta Bi Mbodze anakanda unga. Nilimweleza yote, sikumficha kitu. Nilitaka anitukane. Nilitaka anifukuze, anishike shingo twende sote tukamvunje Kenga meno.

"Wamesikia maneno mangapi?" aliniuliza.

"Sentensi moja tu, mama."

"Moja yatosha."

Akanawa mikono, akajifuta kwa ncha ya leso, akaileta redio yake na kaseti mpya. Kesho yake kulikuwa na mtu anasafiri kwenda Jidda. Aliniomba nimbonyezee, kwa kuwa yeye vile vidude humchanganya. Nikabonyeza. Alianza na salamu, za jamaa wote, hata zangu. Mguu wa bibi umepona, alisema. Halafu akaisogelea redio karibu zaidi.

"Mwanangu, ukirekodi tena, tuma salamu tu. Hayo mengine, kaa nayo hapo ulipo."

Akaniashiria nizime.