Kishingo wa Ghorofa ya Tatu

Stima ilipotea saa tatu na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, siku ya ishirini na moja tangu mayai yaingie mashineni. Adongo alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kuangulia, miwani puani, akilitazama yai moja lililokuwa limeanza kupasuka upande wa juu. Taa ndogo nyekundu ikazimika. Feni ikajizungusha mara mbili tatu kwa mazoea, ikatulia. Kimya kikaingia, na ndani ya kimya hicho akasikia wazi sauti ambayo feni ilikuwa ikiifunika: vifaranga wakilia ndani ya maganda.

Alifungua mlango akatega sikio. Ghorofa ya pili redio inaimba. Ya nne, mtu anasaga kitu kwa blenda. Waliozimiwa ni ghorofa ya tatu peke yao.

"Githinji," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Githinji alikuwa msimamizi wa ploti hiyo ya Huruma. Kodi ya hapo ilikuwa pamoja na stima, ndiyo maana kila ngazi ilibandikwa tangazo: marufuku pasi, heater, jiko la umeme na koili. Zaidi ya yote koili, kile chuma kilichojizungusha ambacho mtu hutumbukiza kwenye ndoo akachemsha maji ya kuoga kwa gharama ya mwenye nyumba. Mita ikianza kukimbia, Githinji hakujisumbua kubisha mlango kwa mlango. Alizima ghorofa nzima, akaketi kwenye kiti chake getini, akangoja mwenye koili ailete mwenyewe, majirani wakiwa wamemchosha. Kwa kawaida ilichukua saa moja. Mwezi wa pili ilichukua siku mbili.

Tangazo halikutaja mashine ya kuangulia mayai. Nani angewaza kwamba mama wa watu, mwenye diploma ya ugavi na kazi ya stoo katika shule, ameificha moja nyuma ya kochi? Lakini Adongo alijua kwamba siku ikijulikana itatajwa, na yeye atatafuta nyumba nyingine.

Mayai yalikuwa ya mama yake. Mama alizikwa Siaya mwezi uliopita, na waliokuja kumzika walikula kuku wake wote. Hakuna aliyekosea, watu wakija kwenye matanga lazima wale. Ila kuku wale walikuwa kishingo, shingo tupu tangu siku ya kuanguliwa, ukoo mmoja ambao mama alikuja nao siku alipoolewa na kuulea miaka arobaini na mbili. Siku ya tatu baada ya mazishi, akifagia chumba cha marehemu, Adongo alikuta sufuria chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na mayai ishirini na mawili. Aliyabeba mapajani hadi Nairobi, akayapumzisha siku nzima, akayaingiza kwenye mashine. Wiki ilipoisha aliyamulika kwa tochi ya simu. Kumi na tano yalikuwa na mishipa. Saba yalikuwa maji matupu.

Basi kumi na tano hayo ndiyo yote yaliyobaki. Yakifa, hakuna kijiji atakachokwenda kununua mengine.

Alifunika mashine kwa blanketi, akaacha matundu ya hewa wazi. Akawasha gesi, akachemsha maji, akayajaza kwenye chupa za soda na kuzipanga pembeni. Kipimo kilikuwa nyuzi thelathini na saba na nusu. Sasa kilisoma thelathini na sita.

Simu ikalia. Ilikuwa Anyango, mdogo wa mama yake, anayekaa Kaloleni kwenye nyumba yenye ua. Mashine ingekuwa kwake kama nyaya za nyumba yake zisingeungua. Asubuhi hiyo Sylvance, mumewe Adongo, alikuwa huko na watoto, wakigongomea banda.

"Nyathina, mwanangu, wametoka?"

"Bado, mama mdogo."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Iko vipi? Ni sauti yangu. Huyo Sylvance anapiga misumari au anapiga domo?"

"Anapiga vyote viwili."

Adongo alikata simu akatoka ukumbini. Nyumba zilikuwa sita. Wangeci wa mlango wa pili alikuwa amesimama nje tayari, mikono kiunoni.

"Mama Ooko, kuna mtu anatutesa hapa."

"Ni wewe?"

"Mimi? Mimi naoga maji baridi tangu Krismasi, uliza hata mume wangu anavyopiga kelele!"

"Basi wewe wa mwisho, na wewe wa kona," Adongo alipaza sauti, milango ikifunguka mmoja mmoja, "mwenye koili aishushe sasa hivi. Sitamwuliza neno."

"Una haraka ya nini leo?" mtu aliuliza kutoka kona. "Kwani una nyama kwenye friji?"

Wakacheka. Adongo akarudi ndani. Thelathini na nne. Akabadilisha maji ya chupa. Akaketi, akasimama. Akalikagua lile yai lililopasuka: mdomo mdogo wa njano ulikuwa ukionekana, ukifunguka na kujifunga. Saa nne na nusu ulikuwa bado unafunguka, ila polepole. Saa tano kasorobo hakuuona ukisogea tena. Kipimo, thelathini na mbili.

Alichukua pochi yake akateremka ngazi hadi duka la Hamse, mkabala na geti.

"Hamse, nipe koili."

Hamse alimtazama, akatazama juu kwenye ghorofa ya tatu, akamtazama tena. "Wamewazimia kwa sababu ya koili, na bado unanunua koili? Mama, wewe una moyo."

"Nipe, usinihubirie."

Akalipa. Nyuma ya duka akaibandua karatasi ya bei, akaisugua koili ukutani ipate mikwaruzo, akavuka barabara.

Githinji alikuwa kwenye kiti chake, kofia ya sufu kichwani, akichokonoa meno. Adongo akamwekea koili mapajani. "Hii hapa. Ni yangu. Washa."

"Wewe, Mama Ooko?" Akashtuka kweli. "Miaka sita hapa, sijawahi kukuandika ubaoni."

"Niandike leo. Washa, Baba Nyawira."

Githinji aliinua koili juani, akaigeuzageuza taratibu. Kisha akatabasamu.

"Maji ya hapa ni ya kisima. Wiki mbili tu, koili inashika ukoko mweupe kama sufuria ya uji. Nina gunia zima la koili chumbani mwangu, nazijua. Hii haijaonja hata kikombe cha maji." Akasimama. "Mtu hanunui koili mpya ili aje aaibike bure. Huko juu kuna kitu kinachotaka stima kuliko wewe unavyotaka jina lako. Twende nikakione."

Ngazi zilikuwa arobaini na nane. Adongo alizipanda zote akitafuta uongo mwingine. Hakuupata. Akafungua mlango, akavuta kochi, akainua blanketi.

Sauti zilikuwa chache sasa, nyembamba, lakini zilikuwepo. Githinji aliinama.

"Ni kuku?"

"Bado. Na ukiendelea kusimama hapo hawatakuwa kuku."

"Inakula stima kiasi gani hii?"

"Kama balbu moja ya zamani. Koili moja inakula mara ishirini."

"Kelele je? Harufu je? Mwenye nyumba akija?"

"Leo jioni wanahamia Kaloleni, na mashine yao. Hutaiona tena."

"Na mwenye koili halisi?"

"Huyo ni wako. Mtafute. Lakini mtafute ukiwa umewasha." Kisha, kwa sababu maneno mengine yalikuwa yamemwishia, akaongeza: "Ni mayai ya mama. Kuku wake tuliwamaliza kwenye mazishi."

Githinji aliivua kofia, akaivaa tena. "Nilichanga mia mbili," alisema.

"Najua. Nililiona jina lako kwenye orodha ya mchango."

"Saa kumi na mbili mashine iwe imetoka. Koili nabaki nayo. Na ubaoni pale getini nitaandika jina lako, kwa sababu watu lazima waone aliyeshikwa."

"Andika kwa herufi kubwa. Washa."

Saa sita kasoro dakika kumi feni ilizunguka.

Kilichofuata kilikuwa kungoja tu, na kungoja ndiko alikokuwa hawezi. Hakufungua kifuniko, maana unyevu ukitoka utando hukauka na kumbana kifaranga. Lile yai la kwanza halikusogea tena. Saa saba na robo yai la nyuma kabisa likakatika kama limekatwa kwa kisu, kifaranga akajirusha nje. Mpaka saa tisa walikuwa saba. Manane yaliyobaki yalikuwa kimya, hata alipogonga kioo kwa ukucha.

Simu tena. "Nyathina, shingo?"

"Sijui, mama mdogo. Wamelowa. Kifaranga akilowa, kila mmoja ni kishingo."

"Basi tazama."

Alitazama. Jogoo mmoja wa jirani huko Siaya alikuwa na manyoya kila mahali, na hakuna aliyejua alivuka ua mara ngapi. Wa kwanza akakauka, manyoya yakamvimba shingoni kama kola. Wa pili vilevile. Wa tatu, wa nne. Wangeci alibisha hodi, akaingia, akasema ameona jina ubaoni na hakuamini, kisha akaona mashine, akapiga magoti kando yake. Wa tano akafura shingo. Wa sita pia.

"Kwani unawatafuta nini?" Wangeci alinong'ona.

"Subiri."

Wa saba alikuwa mdogo kuliko wote, amelala kifudifudi chini ya wenzake. Akaamka, akaanguka, akaamka. Mgongo ukakauka. Mabawa yakakauka. Kichwani kikabaki kikofia cha manyoya. Kati ya kichwa na mabega, ngozi tupu, nyekundu.

Adongo alingoja dakika kumi nyingine kwa saa ya ukutani, kwa sababu hakutaka kumpigia mtu mzima simu ya uongo. Shingo ilibaki ile ile. Ndipo akapiga.

"Mama mdogo, yuko mmoja. Mwambie Sylvance alete sanduku. Na jiko la kuwapa joto liwe limewaka akirudi huko."

Upande wa pili, nyundo ikigonga, alimsikia Anyango akimwita Sylvance, na nyundo ikakoma.