Maua ya Tope Chini ya Nyumba ya Perina

"Sasa hayo maua yako, Perina, yanakula nini?" Luce, jirani yake, alimwuliza asubuhi moja ya Kwaresima, amesimama kwenye ngazi za chumba cha chini na bakuli la kome ambao hajamaliza kuwakwangua.

Perina alimjibu kwamba si maua, ni wanyama, na wanakula kwa mdomo kama sisi. Akamega kipande cha dagaa wa chumvi, akakiachia. Mnyama aliyekuwa karibu akakidaka kwa minyiri yake mirefu ya nje, akakisogeza kwa ile mifupi inayozunguka mdomo, akameza. Luce akasema mnyama huyo ana adabu ya mezani kumshinda mume wake.

Wanyama walikuwa wamehamia hapo chini wiki ya pili tangu malori yaanze kumwaga kokoto kwenye ghuba, kwa ajili ya wageni wa hoteli wasiopenda kukanyaga tope. Wanyama hao huishi wamezama kwenye tope, kila mmoja ndani ya mfuko mrefu kama mkono wa mtu, alioufuma mwenyewe kwa nyuzi za mwilini mwake. Kokoto haziwafai. Basi walichimba chini ya barabara wakitafuta sakafu ya udongo. Kijiji kizima cha Podblato kilikuwa kimeweka vigae katika vyumba vya chini ili kiwapangishe watalii. Perina peke yake, tangu alipomzika mumewe Grgo, alikiacha chake na udongo, kwa kuwa pipa la mvinyo hupenda hivyo. Wanakijiji walimcheka miaka tisa.

Wanyama walikuja na bahari yao, ila haikuwa na maji. Ukishuka ngazi, nywele zinapanda juu. Perina aliifunga sketi yake kwa kamba ya kuanikia nguo. Luce, ambaye magoti yalimkatalia kupiga goti kanisani kwa miaka sita, alipiga hatua mbili akajikuta anaelea shibiri moja juu ya sakafu. Basi kila alasiri wanawake wa jirani walikuja na ufumaji wao, madonge ya sufu yakigusa dari. Wakimaliza rozari walishikana mikono wakacheza kwa mzunguko, polepole, Luce katikati akicheka na mapovu yakimtoka mdomoni. Mtu akikanyaga kwa kishindo, wanyama wote walizama kwenye mifuko yao mara moja. Wanawake walinyamaza, wakasubiri, mpaka wanyama wakachomoza mmoja mmoja, wa zambarau, wa kijani, wa rangi ya maziwa.

Padri alipokuja kubariki nyumba, aliuliza tu kama aongeze chumvi kwenye maji ya baraka. Perina akasema aongeze.

Alhamisi, wanawake wakiwa wanafuma, alikuja Bepo, mkuu wa kijiji, ambaye Perina ndiye aliyemsimamia ubatizo. Bepo alikuwa ametia sahihi karatasi isemayo kwamba ghubani hakuna kiumbe hai. Perina hakumwomba jambo jingine: aandike upya, kabla malori hayajafukia nusu iliyobaki.

"Mama, pale ni tope tupu," Bepo alisema. Tai yake ilikuwa imesimama mbele ya pua.

"Hesabu, mwanangu."

"Karatasi imeshafika mjini."

"Ipelekee mwenzake. Siku ya ubatizo ulifurukuta kama paka, na sikukuachia. Hesabu."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Alipofika thelathini na mbili, lori likamwaga mzigo huko nje. Sakafu ikatikisika, wanyama wote wakazama.

"Mnaona?" akasema Bepo. "Hakuna kitu."

Perina aliendelea kufuma. Baada ya kitambo mmoja akachomoza kando ya kiatu cha Bepo, kisha wa pili, kisha wote arobaini na mmoja, wamekunjuka wazi. Luce akamnyoshea mkono.

"Njoo ucheze, mheshimiwa. Humu hata hilo tumbo halina uzito."

Wanawake wakacheka, mapovu yakajaa darini. Nje lori la pili lilikuwa linarudi nyuma kuelekea majini. Bepo akainua mkono, akaichomoa kofia yake iliyokuwa ikielea katikati ya madonge ya sufu, akapanda ngazi, akatoka, akalipita lori bila kulisimamisha.