Grili ya Tumboni

Fundi Nondo hakuwa na siri. Ukimpelekea kazi ya kuchomelea, hata salamu haijaisha ameshakupa habari za binti yake.

"Mwanangu ana grili tumboni!" anapaza sauti kushinda mashine ya kukatia chuma. "Wamempandikizia seli za kutengeneza insulini. Zimo kwenye kimfuko chembamba chini ya ngozi, kina vitundu vidogo huvioni kwa macho. Sukari inapita, insulini inapita, lakini wale askari wa mwili waliomuulia seli zake za kwanza, hawapiti ng'o!" Hapo anasukuma ngumi kwenye grili mpya ya dirisha, ngumi inakwama, anacheka. "Upepo ndani, mwizi nje!"

Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, anatamani ardhi impasukie. Mtaa mzima walimwita Bi Kimya. Tangu alipopata kisukari utotoni alikuwa anajichoma sindano chooni ili asionekane, na leo tumbo lake linajulikana mpaka kwa wauza mkaa.

"Baba, punguza basi. Hatujui hata kama ziko hai."

"Ziko hai! Mimi nisijue grili?"

"Na kama zimekufa?"

Kinyozi wa jirani, ambaye ulimi wake ulikata kuliko nyembe zake, akadakia: "Zikifa, Fundi, ntakuletea kopo la rangi ufunike kutu!"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, ila Bi Kimya alimwona ameishika ile grili muda mrefu.

Basi siku ya kwenda kupimwa zile seli, Bi Kimya akatia kalamu yake ya kujichomea insulini kwenye mfuko wa sketi.

Hospitalini muuguzi alimpa kikombe cha maziwa mazito, matamu. "Maliza yote, mdogo wangu. Leo hakuna kujichoma sindano ya chakula. Tunatoa damu kidogo kidogo, tuone zinafanya kazi. Zikiwa zimekufa, kimfuko tunakitoa."

Sukari ikaanza kupanda. Hakuhitaji mashine kumwambia, ulimi ulishakauka. Akaomba ruhusa ya choo.

Akafunga mlango, akatoa kalamu. Dozi ndogo tu. Sukari itashuka, baba atatembea kifua mbele, kinyozi atafyata mkia.

Dirisha la choo lilikuwa na grili. Mkono wake, kwa mazoea ya nyumbani, ukaigonga. Kiungo kimoja kikalia vibaya, kama sufuria iliyopasuka. Kilipakwa rangi nzuri, inang'aa.

Baba hapaki rangi kabla ya kugonga. Wateja wanafoka, wana haraka, na yeye anapita na nyundo kiungo baada ya kiungo, sikio karibu. "Nigonge kwanza," anawaambia. "Ikilia vibaya nirudie. Nikishapaka rangi nimeshawadanganya."

Bi Kimya akairudisha kalamu mfukoni. Akatoka, akamkabidhi muuguzi.

"Nishikie, dada. Nisije nikajipaka rangi."

Muuguzi hakuelewa, ila aliipokea. "Afadhali. Ungejichoma, zile seli zingepumzika, tukadhani zimekufa."

Wiki iliyofuata wakaitwa wote wawili, yeye na baba.

"Kabla ya kimfuko," muuguzi alisema, "mwili wako ulikuwa hautengenezi insulini hata chembe. Sasa unatengeneza. Haitoshi bado, sindano utaendelea nazo, ila tunapunguza. Ziko hai, mdogo wangu."

Baba akafungua mdomo. Akatazama dari, akatazama viatu, akapenga kamasi.

Walipofika mtaani kinyozi alishajiweka mlangoni. "Enhe, Fundi! Nilete kopo?"

Baba akakohoa tu. Watu wakaanza kutazamana.

Bi Kimya akachukua nyundo mezani, akaipiga grili iliyokuwa imeegemea ukuta. Ngaaa! Mtaa ukageuka.

"Ziko hai!" alisema, na sauti yake ikavuka barabara. "Zimegongwa, hazijapakwa rangi!"

"Toba! Kumbe ana sauti!" kinyozi akashika kichwa.

"Ni ya baba yake! Ulidhani kaiokota wapi?" baba akajibu, sauti imemrudia, macho yamelowa.

Chakula kilipoletwa, Bi Kimya hakwenda chooni. Alikaa kwenye benchi la karakana, katikati ya vyuma na wateja, akapandisha blauzi kidogo, akajichoma.

"Kuanzia leo nusu dozi tu," akamwambia kinyozi. "Karibu tule."